Kiti cha Miguu Minne

Jumamosi, 14 Februari 1998

Miguu Minne imezima tena leo, safari hii katikati ya maji, mbele ya watu wanaotoka mnadani, nami nimekaa nyuma na sanduku la chanjo mapajani kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume. Ukiiwasha inawaka. Inanguruma vizuri tu. Ukiipa mafuta ikaze mwendo, inakohoa, inatetemeka, inazima. Wendelin, dereva wetu, anasema inakosa pumzi. Nikamwambia hata mimi naona inakosa pumzi, nimesomea wagonjwa. Anionyeshe pua yake iko wapi. Akagonga kiti kwa kidole.

"Chini ya hapa, nesi. Chujio la hewa liko chini ya kiti."

"Basi toa kiti."

"Hakitoki."

Nieleze kidogo, nisije nikasoma haya uzeeni nikadhani nilikuwa na homa. Miguu Minne ni pikipiki ya magurudumu manne, manene kama vibuyu, ambayo wafadhili walituletea mwezi wa Novemba hapa zahanati, jirani na Mofu. Waliliona bonde letu lilivyo: masika yakikolea gari halifiki, mgonjwa anabebwa kwa kitanda mabegani mwa watu. Mtu waliyemleta alimfundisha Wendelin kuendesha, akaondoka. Siku ya kufunga betri alikitoa kiti kwa mkono mmoja, anasema Wendelin, kama mtu anayefunua sufuria. Alikitoaje? Wendelin alikuwa upande wa pili wa gari akishusha mizigo. Na baada ya hapo Mzee Theodori, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, aliamuru kiti kibaki na nailoni yake ya kiwandani, na juu ya nailoni akamwita fundi cherehani akakishonea turubai mpaka chini, kisichafuke. Kiti kimefungwa kama mtoto wa kwanza wakati wa baridi.

Mdogo wangu Paulina alikuja kliniki jana. Mimba inakwenda vizuri. Nilipompima, vidole vilipita juu ya lile kovu la tumboni. Mwaka juzi tulimbeba kwa kitanda tangu asubuhi, maji kifuani, wabebaji wakipokezana, na tulipomfikisha hospitali Ifakara wakampasua, yeye akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Wa kiume, nywele tele.

Safari hii habebwi kwa kitanda. Nimeapa, na mimi nikishaapa ni mbaya.

Jumatano, 18 Februari

Mvua kutwa. Wendelin kasafisha plagi. Haikusaidia.

Jumanne, 3 Machi

Leo nimekwenda kwa Mzee Theodori mwenyewe. Nilimkuta barazani anachonga mpini. Shikamoo, marahaba, habari za wagonjwa, habari za mvua hii ambayo redio inaiita El Nino. Halafu nikamwambia: Miguu Minne inaumwa, dawa yake iko chini ya kiti, naomba turubai likatwe kiti kitoke.

Akaweka mpini chini. "Nesi, ile ni mali ya wananchi. Kuanza kuichokonoa mwanzo wa masika?"

"Tusipoichokonoa haitembei, baba. Ina faida gani?"

"Ikisimama nzima ni nzima. Ikitembea nusu nusu mtakuja kuniuliza mimi ile nusu nyingine iko wapi."

Nilimwambia habari za Paulina. Alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akasema, "Mpeleke Ifakara mapema, akasubiri huko." Kana kwamba sijamwambia Paulina hivyo hivyo mpaka koo limekauka! Mwishoni akatoa hukumu: "Wananchi wakikubali kiti kitoke, mimi ni nani? Bila wananchi, hakuna wa kukigusa."

Kichwa kigumu kama gogo la mninga. Lakini neno kalitoa mwenyewe, nami nimelishika.

Jumapili, 8 Machi

Mzee Theodori kaenda Mlabani kumwona binti yake. Mimi nilikuwa na mzazi asubuhi, kwa hiyo nilimtuma Wendelin akatangaze kanisani baada ya misa. Nilimwambia aseme hivi: Jumanne saa nne, pale zahanati, kutakuwa na suala la kuondoa kiti, na kila anayetaka kiti kiondoke afike bila kukosa.

Anasema amesema alivyotumwa, neno kwa neno. Watu wamefurahi sana, anasema. Wengine walipiga makofi.

Nilifikiri, kumbe watu wangu wanaipenda Miguu Minne kiasi hiki.

Jumanne, 10 Machi

Sijui niandike nikicheka au nikilia. Nitaandika tu.

Saa nne uwanja wa zahanati ulijaa. Walikuja mpaka watu wa mashamba ya mbali, wana matope mpaka magotini. Nikasimama nikawashukuru, nikasema mnajua lililotuleta, suala ni kiti, mwenye neno aseme. Alfonsi, yule mwenye duka la chumvi, akawa wa kwanza. "Amekaa muda mrefu mno," akasema. "Amechoka." Nikadhani ulimi umemteleza; kiti kimekaa, si amekaa, lakini mtu wa duka simsahihishi Kiswahili hadharani. Akafuata mama mmoja: "Hashauriki! Kila kitu lazima kipite kwake!" Hapo nikaanza kusikia jasho. Kiti gani hicho kisichoshaurika? Mwingine akasema ni mtu mwema lakini zama zake zimepita.

Ningekaa kimya hapo, mambo yangeishia hapo hapo. Lakini mimi nilikuwa nawaza chujio tu. Nikajisemea, wanazunguka, watafika. Nikapaza sauti: "Haya, wanaotaka kitoke wanyooshe mikono!"

Mikono ilipanda kama mpunga. Na nyuma ya mikono hiyo, kwenye kona ya jengo, alikuwa amesimama Mzee Theodori, ametoka Mlabani muda huo huo, begi la safari mkononi, kofia imelowa.

Watu walipomwona walishusha mikono mmoja mmoja. Wendelin akawa anatazama viatu vyake. Nikakimbia kumfuata: "Mzee, siyo wewe! Ni kiti! Kiti cha Miguu Minne!"

"Nesi," akasema, taratibu kabisa, "mimi nimefundisha katekisimu maisha yangu yote. Hakuna wa kunifundisha maana ya mwenyekiti." Akawatazama watu. "Nimeiona mikono."

Akaenda zake. Hakugeuka.

Jumatano, 11 Machi

Miguu Minne imeingizwa kwenye ghala la mpunga na kufungwa kufuli. Ufunguo uko kwa Mzee Theodori. Nilipita mbele ya nyumba yake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anasali, mara ya pili mkewe, Mama Katarina, akasema anasali tena.

Alhamisi, 19 Machi

Mtakatifu Yosefu. Nimemsalimia Mzee nje ya kanisa. "Marahaba," basi. Wendelin anasema tuvunje kufuli. Nimemwambia tukivunja tutakuwa tumethibitisha kila anachoamini juu yetu. Lakini nilifikiria, sitasema uongo humu.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda shambani kwa Paulina. Njia yote ni maji ya magoti, mahali pengine kiunoni. Yeye na mumewe Ponsiano wamehamia huko tangu kupanda, kama kila mtu hapa, wanalala juu ya dungu, ule ulingo wa kulindia ndege, na mpunga sasa umeanza kuchanua. Kwelea-kwelea wamekuja wengi mno. Paulina alikuwa amesimama juu na tumbo lake, anavuta kamba za makopo, anapiga kelele mpaka sauti imekatika.

"Shuka," nikamwambia. "Twende Ifakara leo."

"Dada, nikishuka ndege wanashuka."

"Ponsiano yupo."

"Ponsiano ana upande wa mtoni. Huu wangu." Akavuta kamba, makopo yakalia. "Mwaka juzi nilirudi sina mtoto, na mpunga umeliwa. Safari hii nataka vyote viwili."

Nilikasirika mpaka nikamwita mjinga. Akacheka. Akasema, "Ungekuwa wewe ungeshuka?" Swali la kijinga, kwa sababu tunajuana. Tumezaliwa tumbo moja, kichwa kimoja. Tumepatana ataondoka Jumatatu ya Pasaka, siku zake bado. Ponsiano ameapa mbele yangu kwamba ataamia ndege peke yake pande zote mbili.

Kurudi nilipita ghalani. Nilichungulia kwenye ufa wa mbao. Miguu Minne imekaa gizani na turubai lake, panya wanapita juu yake kama nyumbani kwao.

Jumatatu, 13 Aprili

Pasaka. Mvua imenyesha tangu Ijumaa Kuu bila kupumzika. Barabara imekatika, hakuna gari linalotoka wala kuingia. Paulina yuko dunguni.

Jumatano, 15 Aprili

Mama Katarina alimleta mumewe amejifunika blanketi mbili, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Malaria kali. Nimemtundikia dripu, nikakaa naye. Mgonjwa haulizwi uji, wala hakumbushwi mikono ya watu. Nilitaka kumchukia kidogo zaidi na ikawa vigumu, mtu amelala mdomo wazi, soksi zake zimetoboka.

Mchana homa ilishuka akaanza kuongea mwenyewe, macho darini.

"Lilianza na kiti," akasema.

"Nini, baba?"

"Trekta. Wakati wa vijiji vya ujamaa tulipewa trekta, jekundu. Mimi ndiye nilikuwa katibu. Mzee mmoja alikuwa na mgongo mbovu, akaomba kiti cha trekta akikalie kilabuni, kwa muda tu. Tukasema, kiti si injini, mpeni. Dereva akawa anakalia gunia. Basi. Mtu mwingine akaona kama kiti kimetoka, na taa nayo si injini. Halafu betri. Halafu matairi ya mbele. Kila kitu si injini, nesi, mpaka ukifika kwenye injini. Mwisho nilikuwa nimeshika ufunguo wa trekta ambalo halipo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nilikuwa nimemwona akishtuka tu, sikuuliza ni nyoka gani.

Nikamwambia, "Kiti kikitoka nitakukabidhi wewe, baba. Ukishike mwenyewe mkononi mpaka kirudi."

Akafikiri. "Na ile mikono?"

Ningeweza kumwambia yote ilikuwa makosa ya maneno. Lakini Alfonsi hakukosea, wala yule mama. "Mingine ilikuwa ya chujio," nikasema. "Mingine ilikuwa yako kweli."

Akafumba macho. Nilidhani amekasirika tena. "Angalau umesema," akasema. "Tutaona kikao cha Mei."

Kikao cha Mei! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Alhamisi, 23 Aprili

Naandika haya Ifakara, benchi la hospitali, kwa kalamu ya kuazima. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la dawa nikamwona Ponsiano anakuja anakimbia, amelowa mpaka kichwani. "Shemeji, Paulina ameshikwa na uchungu." Siku zake bado, nikasema, kana kwamba Ponsiano angeweza kurudi kumwambia uchungu usubiri. Nikamtuma mtu parokiani Mofu, padre apige simu ya upepo Ifakara, gari la wagonjwa litusubiri pale barabara kuu, maana huku halifiki. Kisha nikaenda kwa Mzee Theodori. Sikwenda kuomba. Nilikuwa nimechukua mkasi wa kukatia bandeji, na Ponsiano alikuwa na mtaimbo.

Mzee alikuwa anakunywa uji. Alitazama mkasi, akatazama mtaimbo, akamtazama Ponsiano usoni.

"Ni Paulina?"

"Ni Paulina, baba. Kiti kinatoka leo."

Aliinuka bila kumaliza uji. Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni, kwenye kamba moja na msalaba wake. Kwenda ghalani alitangulia yeye, miguu bado haina nguvu kwa ile homa, na kufuli alilifungua yeye.

Wendelin akaisukuma Miguu Minne nje, kwenye mvua. Mzee akaninyooshea mkono, nikampa mkasi. Akakata mshono wa turubai mwenyewe, pande zote. Akavua nailoni, akaikunja vizuri, akaiweka kwapani. Kiti kikabaki uchi, kipya kabisa, kinang'aa. Tukakishika wote tukavuta. Hakikutikisika. Wendelin akalala chini kutafuta nati, hakuna nati. Akainama mbele, hakuna kitu. Ponsiano akaingiza mtaimbo pembeni.

"Hapana!" Mzee akasema. "Kitapasuka."

"Mke wangu ndiye atapasuka!"

"Niacheni," nikasema.

Maana kuna jambo lilinijia hapo nikajiona zuzu. Masika yote tulikuwa tunakitazama kiti. Tunakizunguka, tunainama, tunachungulia. Mwenye macho haambiwi tazama, sawa, lakini mimi kazi yangu yote ni kujua mambo yasiyoonekana kwa macho. Mtoto amelalaje tumboni, kichwa kiko wapi, mlango umefunguka kiasi gani: nani aliwahi kuniona nachungulia? Nikafumba macho. Nikapitisha mkono chini ya kiti kwa nyuma, kiganja juu, polepole, kama ninavyompima mama. Vyuma. Matope. Waya. Halafu kitu kidogo, laini pembeni, kama ulimi. Nikakivuta kwa vidole viwili.

Ta!

Kiti kikainuka chenyewe nyuma. Kwa mkono mmoja, kama kufunua sufuria.

Ndani kulikuwa na kiota. Kwenye sanduku la hewa panya wamejaza, bila shaka tangu kabla ya ghala, makapi ya mpunga, pamba, vipande vya gunia, na katikati vitoto vya panya, vyekundu, havijafungua macho. Sponji ya chujio wameitafuna yote. Wendelin akayakomba makapi kwa mikono miwili. Vile vitoto Mzee alivitoa kwa turubai lake akaviweka ukingoni mwa ghala; sikumuuliza. Mimi nikakimbia kuleta shashi za vidonda, tukazikunja tabaka juu ya tabaka, tukazifunga mahali pa sponji. Wendelin akawasha, akaipa mafuta. Ikapiga kelele moja ndefu bila kukohoa.

Nikasema kiti hakirudi. Mtu hawezi kulala juu ya kiti kile, kimeinuka na ni kifupi. Tukalaza ubao wa benchi la kliniki kutoka kwenye tangi mpaka kwenye chuma cha nyuma, tukafunga godoro la chumba cha uzazi juu yake kwa kamba. Wendelin aendeshe amesimama. Betri sasa ilikuwa wazi, na mbele kuna maji. Tukatazamana. Mzee Theodori akachomoa nailoni yake kwapani, ile ya kiwandani, akafunika betri na sanduku la hewa, akaichomeka kando kando kama anavyotandika altare.

"Na kiti, baba?" nikamuuliza.

"Si ulisema unanikabidhi?"

Akakibeba kichwani. Nilidhani atakwenda kukaa nacho ghalani. Kumbe alishika fimbo yake akaingia majini mbele yetu. Njia imefunikwa yote, mashimo hayaonekani, na yeye ndiye anayelijua bonde lile tangu kabla ya mvua za El Nino na za kabla yake. Tukamfuata. Yanapomfika magotini tunapita, yanapomfika kiunoni anapunga fimbo tunazunguka. Kiti kiko juu ya kichwa, mkono mmoja umekishika, hakikuguswa na tone kutoka chini. Ponsiano, katika hali yake ile, machozi na mvua, akaniambia: "Shemeji, leo ndiyo nimeelewa maana ya mwenyekiti."

Paulina alikuwa ameshuka dunguni mwenyewe, ameshika nguzo. Midomo imekauka. Nilimpima pale pale. Tumbo la chini, juu ya kovu, lilikuwa linauma hata uchungu ulipopumzika, na hilo sikulipenda hata kidogo. Sikumwambia. Tulimlaza kwenye godoro. Akageuza kichwa kuutazama mpunga.

"Ndege, dada."

"Nyamaza kuhusu ndege!"

"Mimi nitawaamia," akasema Mzee Theodori. Akapanda dunguni na homa yake na kiti chake, akakiweka, akakikalia, akavuta kamba. Makopo yakalia. Nilitazama nyuma mara moja tu nilipokuwa nimeng'ang'ania chuma cha pembeni na mkono wa Paulina, nikamwona juu kule amenyooka kama yuko kikaoni.

Miguu Minne haikuzima. Siyo kwenye maji, siyo kwenye matope meusi, siyo kwenye kile kilima cha utelezi ambapo Wendelin alianza kuimba Salamu Maria kwa sauti ya kutisha. Gari lilikuwepo barabara kuu; Wendelin akapanda nasi, na Ponsiano, aliyekuwa anakimbia nyuma yetu. Paulina aliniuma mkono, alama zipo.

Wamemwingiza ndani. Mlango umefungwa. Mimi ni mkunga na nimekaa nje kama mume.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Msichana. Analia. Nimemsikia nikiwa ukumbini, kabla hawajaniambia. Paulina mzima.

Nimelia mpaka Wendelin akaona aibu akaenda kutafuta chai.

Jumanne, 28 Aprili

Nimerudi. Mzee Theodori alikaa dunguni mpaka Ponsiano alipotoka Ifakara kumpokea. Homa ilimrudia kule kule juu. Nimemwekea dripu nyingine, nikamgombeza sana, akakubali kugombezwa. Kiti kilikuwa chini ya kitanda chake.

Jumapili, 17 Mei

Paulina amerudi na mtoto. Amemwita Kandida, jina la mama yetu. Ponsiano alitaka Theodora. Mzee mwenyewe akakataa, akasema jina lake limeshabeba mengi. Mpunga wa Paulina umesimama, ndege hawakuumaliza.

Jumanne, 9 Juni

Kikao cha Mei kimefanyika Juni, mavuno yameanza. Watu walikuja wachache wachache, wanakwepa macho ya Mzee. Alikuwa ameisukuma Miguu Minne mpaka katikati ya uwanja, kiti kiko mahali pake, hakina turubai.

"Mwezi wa tatu," akasema, "mlinyoosha mikono kwamba kiti kitoke. Sikuja kuuliza mlikuwa na maana gani, wala leo siulizi. Nataka mikono ile ile. Kila aliyeinyoosha aje akitoe."

Alfonsi akawa wa kwanza tena, safari hii kwa kusukumwa. Nikamwonyesha: kiganja juu, polepole, usichungulie. Ta! Watu wakacheka. Akaja yule mama aliyesema hashauriki, akapata mara ya kwanza. Wakafuata wengine, mpaka foleni ikawa ndefu, kiti kinatoka kinarudi, kinatoka kinarudi. Ambao hawakuwepo Machi nao walipanga foleni.

Wa mwisho akainama Mzee Theodori. Akatafuta, akatafuta, jasho likamtoka. Nikashika mkono wake, vidole vyake ni vigumu kama mizizi, nikaupeleka mpaka pale.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Kumbe ni kitu kidogo hivi."

Akavuta. Akasimama na kiti mikononi, akasema sasa kijiji kizima kinajua kinavyotoka, kwa hiyo kikipotea hatafutwi mtu mmoja. Kisha akasema wanaotaka amwachie mtu mwingine kamati wanyooshe mikono, hatamkasirikia yeyote. Alfonsi alinyoosha, na yule mama, na wengine kadhaa. Hawakutosha. Mzee akawashukuru kwa majina. Huyo mama sasa ameingizwa kwenye kamati, Mzee mwenyewe ndiye aliyempendekeza.

Jumatatu, 29 Juni

Siku ya kupima watoto. Tumepanga kila Jumatatu Wendelin atoe kiti, asafishe chujio. Sponji mpya imekuja kutoka Morogoro, shashi zangu zimestaafu. Akishakitoa anakileta ndani, maana benchi la kliniki ndilo lile tulilong'oa ubao, bado linayumba, na kinamama wamekwisha kukipenda kiti kuliko benchi.

Leo aliyewahi ni Paulina. Alikaa juu yake ananyonyesha, Kandida amefumba macho, mkono mmoja umeshika kola ya mama yake kwa nguvu kama anamdai. Mzee Theodori akaingia kuulizia dawa ya mkewe. Chumba kimejaa, hakuna pa kukaa. Paulina akaanza kuinuka ampishe, kama adabu inavyotaka.

Mzee akamwekea mkono begani.

"Kaa, mwanangu," akasema, akimtazama yule mdogo. "Mwenyekiti haamshwi."

Akasubiri dawa yake amesimama.